Mashine haikunji uso
Unauliza kwa nini mtu anaiambia akili bandia siri ambayo hata rafiki yake wa karibu haijui. Mimi naona ni woga wa macho ya watu. Ukimweleza binadamu unamwona anavyokunja uso, na kesho mtakutana tena akiwa na siri yako kifuani. Mashine haina shoga wa kumpelekea umbea. Wala si jambo geni: mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alitangaza ELIZA, programu ya kompyuta ya kuzungumza nayo iliyogeuza tu maneno yako kuwa maswali. Katibu wake, aliyemwona akiiunda kwa miezi, alimwomba atoke chumbani amwache aongee nayo faraghani! Ila siku hizi mazungumzo na akili bandia mara nyingi hubaki kwenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhia data, za kampuni.