Swali la lugha: «Mafuta muhimu» ni mafuta gani?

Swali: Ninahariri jarida dogo la idara yetu hapa Morogoro. Tunachapisha kwa Kiswahili muhtasari wa kazi za watafiti vijana, na mada ni za kila aina: mmoja anashughulikia mafuta ya mimea, mwingine fizikia. Wenzangu wameandika «mafuta muhimu», «fizikia ya kinadharia» na «athari ya Mpemba». Mama yangu, anayeuza viungo sokoni, alisoma ukurasa wa kwanza akaniuliza, «Kwani mafuta mengine si muhimu?» Nikakosa jibu. Je, niyaache maneno haya kwa kuwa wataalamu wanaelewana, au niyabadilishe? Na «tafiti» ni Kiswahili sahihi?

Jibu: Nianze na swali la mama, maana amegusa penyewe. Mswahili akisikia «mafuta muhimu» anafikiria mafuta yasiyokosekana: ya kula, ya taa, dizeli ya kuendeshea mashine. Hakuna chochote katika maneno hayo mawili kinachompeleka kwenye kichupa cha mafuta ya karafuu. Aliyetafsiri alikutana na jina la Kiingereza, essential oils, akachukua maana ya kila siku ya neno essential. Lakini kwenye jina hili neno hilo halizungumzii umuhimu. Linatokana na essence, yaani kiini, kwa sababu watu wa zamani wa Ulaya waliokuwa wakitoa mafuta haya kwenye maua na majani waliamini kwamba wanatoa kiini cha mmea, kile kinachoupa harufu na tabia yake. Kwa hiyo «mafuta muhimu» yametafsiri maana ambayo haikuwamo.

Ushauri wangu kwa mhariri yeyote wa sayansi ni huu: kabla ya kutafuta jina, kitazame kitu chenyewe. Kinapatikanaje? Kinafanya nini? Kiswahili kina mazoea mazuri ya kuita vitu kwa namna vinavyopatikana au kwa kazi vinayofanya, na mara nyingi jina litajileta.

Chukua tone la mafuta ya nazi na tone la mafuta ya karafuu, uyadondoshe kwenye karatasi nyeupe. La nazi litaacha doa la mafuta ambalo halitoki hata kesho. La karafuu litanukia, litafifia, na baada ya muda karatasi itabaki karibu kavu. Yote mawili tunayaita mafuta, lakini kwa mkemia ni vitu viwili visivyo na undugu. Mafuta ya nazi, ya ufuta, ya alizeti na ya mwarobaini hukamuliwa kwenye nyama ya tunda au kwenye mbegu. Yameundwa kwa asidi za mafuta, na ndiyo maana ukiyapika na magadi makali unapata sabuni. Mafuta ya karafuu, ya mchaichai na ya mkaratusi hayatoi sabuni. Yameundwa kwa molekuli ndogo zinazogeuka mvuke kwa wepesi, na huo mvuke ndio unaoingia puani tukasema «inanukia».

Namna ya kuyapata nayo ni nyingine. Pemba kuna kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, kinachotumia makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Makonyo hupitishiwa mvuke wa maji moto, mvuke ukabeba mafuta, kisha ukapoozwa ukawa maji tena, na mafuta yakajitenga. Mafuta mengi ya jamii hii huelea juu ya maji. Ya karafuu huzama, kwa sababu sehemu yake kubwa ni eugenoli, kitu kizito kuliko maji, kile kile ambacho madaktari wa meno hukitumia kutuliza maumivu. Ningependa kila mwandishi wa sayansi aandike jambo kama hili, maana msomaji akishajua kwamba mafuta haya yanazama hatayachanganya tena na mafuta ya kupikia.

Kwa kazi hiyo ya kuchemsha, kupooza na kukusanya tunacho kitenzi chetu cha siku nyingi: keneka. Kimo kwenye kamusi, na kinanyambulika vizuri: mafuta hukenekwa, kazi ni ukenekaji. Nashangaa kuona watafiti wakiandika «mchakato wa kudistili» wakati keneka lipo. Mwambie mwenzako atumie «mafuta yaliyokenekwa kutoka kwenye majani ya mchaichai», na mama yako ataelewa zaidi ya nusu ya sentensi bila kuuliza.

Basi jina la jumla liwe lipi? Si «mafuta yaliyokenekwa», kwa sababu mafuta ya maganda ya machungwa hukamuliwa baridi, bila mvuke, na bado ni ya jamii hiyo hiyo. Mtu anaweza kufikiria «mafuta tete», kwa vile hayatulii. Silipendi. «Tete» leo, kwa aliyezoea taarifa ya habari, ni hali isiyo shwari, inayoweza kuharibika wakati wowote. Mafuta ya karafuu yaliyofungwa vizuri kwenye chupa ya rangi hukaa muda mrefu. Mimi nachagua mafuta ya kunukia ya mimea. Pwani tumeishi na marashi, maji ya waridi na udi kwa karne nyingi, na kunukia ndiko tunakoyafahamu mafuta haya. Najua pingamizi moja: dukani kuna mafuta ya nazi yaliyotiwa manukato, nayo pia mtu atayaita ya kunukia. Ndiyo sababu ya kuongeza «ya mimea», na ndiyo sababu pia ya kueleza mara moja, pale neno linapotokea kwanza, kwamba ni mafuta ambayo hugeuka mvuke upesi na hayaachi doa. Baada ya hapo taja mmea wenyewe tu: mafuta ya karafuu, mafuta ya mdalasini. Mtafiti aliyechunguza mmea mmoja hana haja ya jina la jumla kila aya.

Sasa fizikia. «Fizikia ya kinadharia» si kosa la sarufi, na sitampigia mtu mstari mwekundu kwa hilo. Ila napendelea fizikia ya nadharia, na nitakuambia kwa nini. Kiambishi *ki-* hapa kinaonyesha namna: kuishi kizungu, kuvaa kipwani, kuchunguza kisayansi. «Utafiti wa kisayansi» ni utafiti uliofanywa kwa namna ya sayansi, hata kama unahusu ushairi. «Kitabu cha sayansi» ni kitabu kinachohusu sayansi. Vivyo hivyo, «kinadharia» kwenye masikio ya wengi ni «kwa nadharia, si kwa vitendo»: kinadharia kila mtoto anasoma bure. Ukimwita mtu «mtafiti wa kinadharia», umesema ni mtafiti kwenye makaratasi. Ukisema «mtafiti wa fizikia ya nadharia», umetaja fani yake. Kule Trieste, Italia, kuna kituo alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistani, Abdus Salam, mwaka 1964, kinachojulikana kwa herufi ICTP, na tangu 2018 kina taasisi mshirika hapa kwetu Afrika Mashariki, mjini Kigali. Jina la kituo hicho cha Trieste kwa Kiswahili ni Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia. «Kituo cha kinadharia» kingekuwa kituo ambacho hakijajengwa.

Lakini ugumu mkubwa zaidi uko kwenye neno «nadharia» lenyewe, na hapo naomba uwe mkali. Mitaani «hiyo nadharia tu» ina maana ya maneno matupu. Katika fizikia nadharia ni maelezo yaliyofungamana, yenye hesabu, yanayoweza kutabiri jambo ambalo bado halijaonekana. Einstein aliandika mwaka 1916, akitumia nadharia yake ya uhusianifu, kwamba lazima kuwe na mawimbi ya mvutano yanayosafiri angani. Yalinaswa na mitambo ya LIGO, Marekani, tarehe 14 Septemba 2015. Karne nzima nadharia ilikuwa ikingoja chombo chenye uwezo wa kuyahisi. Mtu anayejua kisa hicho hawezi tena kuandika «ni nadharia tu».

Kile ambacho watu wa mitaani wanakiita nadharia, wataalamu wetu wa Kiswahili wamekipa jina zuri: nadharia tete, maelezo yaliyopendekezwa yakisubiri kupimwa. Hapa «tete» limekaa mahali pake kabisa, maana wazo lenyewe halijakomaa. Mwaka 1930 mwanafizikia Wolfgang Pauli alipendekeza kwamba kuna chembe isiyoonekana inayoondoka na sehemu ya nishati pale atomi fulani zinapovunjika zenyewe. Hiyo ilikuwa nadharia tete. Chembe hiyo, neutrino, ilikuja kugunduliwa kwa majaribio mwaka 1956. Katika jarida lako usiruhusu maneno haya mawili yabadilishane nafasi, hata kama mwandishi anaona «nadharia» ni fupi na linapendeza zaidi kwenye kichwa cha habari.

(Kwa kuwa tumegusa fizikia: pale Kiingereza kinaposema force, vitabu vyetu vya shule vinatumia «kani», navyo vimezaa «kanieneo» kwa ule mgandamizo wa kani juu ya eneo. Ni neno lililoundwa vizuri mno. «Nguvu» liachie mazungumzo, kwa sababu mitaani linabeba kani, nishati na hata umeme kwa pamoja.)

Tuje kwa Mpemba. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, wakati wa Tanganyika, alipotia kwenye friza maziwa ya ashkrimu yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Aliuliza, akaambiwa haiwezekani. Aliendelea kuuliza hadi alipokutana na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ambaye alikubali kulipima jambo hilo, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Leo kote duniani jambo hilo linaitwa kwa jina la kijana huyo. Ni heshima kubwa kwetu, kwa hiyo tulitaje vizuri.

«Athari» kwa asili ni alama inayoachwa na kitu, nzuri au mbaya. Lakini sikiliza tunavyolitumia sasa: athari za mafuriko, athari za ukame, athari za dawa za kulevya. Limeelemea upande wa madhara. Msomaji akikutana na «athari ya Mpemba» bila maelezo atajiuliza huyu Mpemba, ambaye anaweza kumdhania ni mtu wa kisiwani Pemba, amemdhuru nani. Andika tokeo la Mpemba. Usiandike «kanuni ya Mpemba» wala «sheria ya Mpemba», kwa sababu wanafizikia bado wanabishana juu ya lini jambo hilo hutokea, kwa nini, na wengine wanahoji kama hutokea kweli katika maji ya kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo, kitenzi «imethibitishwa» kisitumike hapo. «Mpemba aliona», «Osborne alipima», «inaelezwa kwamba»: vitenzi hivi vinamwambia msomaji hoja imefika wapi.

Na hapo ndipo ningekuomba uangalie zaidi kwenye makala zote, za mafuta na za fizikia. Waandishi wetu wanaotoka kusoma kwa Kiingereza hupanga nomino juu ya nomino, kwa mfano: «tathmini ya athari za uzuiaji wa ukuaji wa bakteria za mafuta muhimu ya karafuu». Nomino saba zinavutana na msomaji hajui nani kafanya nini. Kiswahili kinataka kitenzi. «Jinsi mafuta ya karafuu yanavyozuia bakteria kukua» inasema yote, na neno «athari» limeondoka lenyewe bila mtu kulifukuza. Jaribu kuvunja kila kichwa cha makala namna hiyo, na utakuta maneno mengine uliyokuwa ukiyatafutia tafsiri hayahitajiki.

Mwisho, «tafiti». Ni wingi wa «utafiti», na unatumika sana: utafiti umeonyesha, tafiti zimeonyesha. Wapo wanaotaka utafiti ubaki bila wingi kama uhuru au uzee. Siwaungi mkono, kwa kuwa tunahesabu kazi moja moja, kila moja na mtafiti wake na tarehe yake. Kinachonikera ni «tafiti hii» kwa kazi moja, ambayo naiona kila wiki. Moja ni utafiti huu. «Tafiti» peke yake, bila *u-*, katika umoja ni kitenzi.

Kwa hiyo sentensi ya kufungulia jarida inaweza kusomeka hivi: «Tafiti zilizomo katika toleo hili ni za nyanja nyingi, kuanzia mafuta ya kunukia ya mimea, yale yanayogeuka mvuke upesi na kukenekwa kutoka kwenye majani, maua na makonyo, hadi fizikia ya nadharia.» Msomee mama kabla ya kupeleka kwa mchapaji, na akiuliza tena, niandikie ameuliza nini.