Tangi jipya la maji ya chumvi, klauni hawali

Pole, ndugu. Tangi lina siku 10, maji yanang'aa, lakini samaki wako wawili aina ya klauni wanatema kila unachowapa. Kung'aa kusikudanganye, amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki na chakula kinachooza, haionekani kwa macho. Ipime leo hii pamoja na naitraiti, sumu nyingine ambayo bakteria huitengeneza kutoka kwa amonia. Zote zinatakiwa ziwe 0, na bakteria wa kuzimaliza huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ukikuta amonia, badilisha robo ya maji kwa maji ya chumvi yenye joto lilelile, na tafadhali usiongeze kiumbe mwingine, hata konokono.

Kuhusu chakula, mimi huyeyusha kamba wadogo waliogandishwa, nawachuja, kisha nadondosha kipande kimoja kimoja mbele ya samaki. Kisipoliwa ndani ya dakika 2 nakitoa, maana kikizama mchangani kitaoza na kuzalisha amonia ileile. Mara moja kwa siku yatosha kwa sasa.

Maji yakipungua kwa mvuke, jazia yasiyo na chumvi wala klorini. Chumvi haiondoki na mvuke.

Wakianza kuhema haraka au kuota vidoadoa vyeupe, mtafute daktari wa mifugo anayejua samaki kabla ya kumimina dawa. Zenye shaba huua konokono na kamba.