Nilipima mtama, nikajipima mwenyewe

Sampuli zangu za kwanza za protini za mtama niliziandaa hapa Dodoma, nikazikausha na kuzituma kwenye maabara yenye spektromita ya masi, mashine inayotambua protini kwa kupima uzito wa vipande vyake. Majibu yaliporudi, iliyoongoza orodha ilikuwa keratini ya binadamu. Yaani ngozi na nywele zangu. Mtama wenyewe ulikuwa umejibanza huko chini.

Anayeijua Dodoma ya kiangazi, upepo na vumbi lake, hatashangaa. Vumbi la ndani hubeba chembe za ngozi, na mashine hizi hazihitaji nyingi. Siku hizi nafunga madirisha hata joto likizidi, napangusa meza kwa ethanoli, na glovu nazibadilisha kila nikigusa simu. Sweta la sufu linabaki nje. Sufu nayo ni keratini, tofauti ni kwamba ya kondoo. Vyombo visionje sabuni, maana mabaki yake hufunika peptidi zako, yaani vile vipande vya protini ambavyo mashine inavisoma.

Kosa lililonichelewesha zaidi ni kimeng'enya, kile kinachokata protini kuwa peptidi. Karibu kila mwongozo utakuambia utumie tripsini, ambayo hukata protini baada ya laisini na ajinini, mbili kati ya amino asidi zinazounda protini. Kwa damu au maziwa, sawa. Lakini kafirini, protini kuu ya akiba kwenye punje ya mtama, ina laisini kidogo mno. (Ndiyo maana ugali wa mtama unapendezwa na kunde pembeni, zenye laisini zaidi; bibi zetu walilijua hilo bila mashine.) Tripsini ikikosa pa kukata, inakuachia vipande virefu ambavyo mashine haivisomi vizuri. Jaribu kimotripsini, inayokata baada ya amino asidi nyingine: fenilalanini, tirosini, hata lusini.

Na usikimbilie kukata kitu ambacho hakijayeyuka. Kafirini haiyeyuki kwenye maji matupu: inataka alkoholi ya asilimia 60 hivi, pamoja na kemikali ya kuvunja vifungo vya salfa. Kisha punguza alkoholi hiyo kabla ya kutia kimeng'enya.

Kwenye kromatografia, hatua ya kutenganisha peptidi kabla hazijaingia kwenye mashine, sina mengi. Asidi fomiki ya asilimia 0.1 kwenye maji na kwenye asetonitraili (kiyeyushi kinachosukuma peptidi zitoke) inatosha, ila asetonitraili ipandishwe polepole. Halafu mwombe fundi wa mashine apitishe sampuli tupu, isiyo na protini, kabla ya yako, usione haya. Mimi niliona haya, nikakuta kaseini, protini ya maziwa, kutoka sampuli ya mtu mwingine katikati ya mtama wangu.