Kuhusu mkesha wa mama mkwe wako

Mwanangu,

Umeniuliza kama umpeleke mama mkwe wako kwenye mikesha ya Ijumaa ambayo wenzako wa maombi wanaikazania, au umwache alale, maana saratani imemchosha. Meseji yako nimeisoma mara tatu, na kila nikitaka kujibu namkumbuka baba yako kwenye foleni ya Samunge, kule Loliondo.

Machi 2011 wewe ulikuwa chuo. Nchi nzima ilikuwa inakwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mizizi ya Mchungaji Mwasapile, iliyosemwa inaponya magonjwa sugu, shilingi 500. Sukari ilikuwa imeshamla baba yako figo. Tulipita Mto wa Mbu, tukashika njia ya Engaresero, vumbi likaingia hadi kwenye chupa ya chai. Foleni tulikaa siku tatu. Usiku wa pili baba yako, yule ambaye jikoni hakugusa kisu, alikaa mlangoni mwa gari akamenya machungwa yetu yote, akawagawia watu wa magari ya nyuma. Kisha akaanzisha wimbo kwa ile besi yake, na gizani watu wasiojuana wakaitikia. Tangu aanze kuumwa sikuwa nimemsikia akiimba. Alikunywa kikombe, tukarudi. Juni tukamzika.

Kikombe hakikuniumiza, mama. Kilichoniumiza ni mama mmoja wa maombi aliyeniinamia sikioni pale msibani akasema, "Shemeji aliendelea na sindano, alimwonyesha Mungu kwamba hamwamini." Sindano zile za insulini nilikuwa namchoma mimi, kwa mkono huu. Kuna usiku bado naamka nayo.

Nilisema, na nitasema tena: mgonjwa hapimwi imani. Paulo alimwacha Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa. Alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakuna mahali alipowaambia imani yenu haba. Na Yakobo, huyu wanayemnukuu kila siku, anasema mgonjwa na awaite wazee wa kanisa. Yeye ndiye anaita, na wazee ndio wanaokuja. Mgonjwa habebwi saa nne usiku akakae kwenye kiti cha plastiki mpaka alfajiri.

Lakini ngoja. Wewe mwenyewe ulipopata malaria ya kichwa, una miaka minne, tulikuombea usiku kucha, na asubuhi ukaomba uji. Kwinini nayo ilikuwa kwenye dripu, najua. Nimeshukuru kwa vyote viwili na sijawahi kuvitenganisha. Na ile foleni ya Samunge, nikiambiwa niipange tena kwa ajili ya ule wimbo, naipanga. Sasa nitamkatazaje mtu mwingine?

Nilikuwa nimeshaandika "usimpeleke". Nimefuta, ingawa mkono ulikuwa mzito. Muulize mwenyewe, mkiwa wawili, unapomkanda miguu, wala si mbele ya watu wa maombi. Akisema anataka kwenda, mfunike lile blanketi la kijivu la baba yako. Nalituma na basi la Jumatano. Akisema wazee waje nyumbani, waje mchana, wasikae sana, na huyo atakayetamka neno imani haba mbele yake, mtoe nje hata kama ni mkubwa kwako.

Mama yako