Kwa muuguzi mpya: mgonjwa anayekoroma na kusinzia kazini

Ninyi mnaoanza kazi katika kliniki za Mombasa mtawapokea madereva wa trela, walinzi wa usiku na waendesha winchi wa Kilindini ambao presha yao haishuki ingawa dawa wanameza, na ni wachache watakaotaja usingizi. Msingoje wautaje. Misuli ya koo inapolegea usingizini na njia ya hewa ikaziba, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hupungua, ubongo humzindua mtu nusunusu, na hali hiyo hujirudia usiku kucha; ugonjwa huu huitwa apnea ya usingizi, yaani kukatika pumzi usingizini. Ndiyo maana wengine huamka wakiumwa kichwa, midomo imewakauka, na presha iko juu.

Kumwuliza mwenyewe kama anakoroma husaidia kidogo, kwa kuwa aliyelala hajisikii. Kwa idhini yake, mwulizeni mkewe. Na ikiwa ni dereva wa safari ndefu, mwulizeni utingo, anayelala naye garini huko Mariakani au Mtito Andei na kumsikia akinyamaza ghafla kisha akikurupuka akitweta.

Hojaji ya STOP-Bang, ya kukadiria nani huenda ana ugonjwa huu, ina maswali 8, na alama 3 au 4 ni hatari ya wastani, 5 na kuendelea ni hatari kubwa. Swali mojawapo ni la shingo inayozidi sentimita 40: ipimeni kwa tepe, usawa wa kongomeo, wala msikisie kwa macho. Alama hizo hazithibitishi ugonjwa, bali humpa daktari sababu ya kuagiza kipimo cha usingizi.

Pagumu ni kwenye kusinzia, maana dereva anayehofia kibarua chake atasema amechoka tu. Mimi huuliza kama usingizi humwiba akiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, na hapo wengi hujibu bila kujihami. Ulizeni pia, bila kukemea, juu ya miraa na muguka, kwani huficha usingizi na kupandisha presha, halafu juu ya pombe na dawa za usingizi, ambazo hulegeza koo zaidi. Anayesinzia kwenye usukani aambiwe waziwazi asiendeshe mpaka atibiwe, na faili lake lifike kwa daktari siku hiyohiyo.

Kulala ubavu na kupunguza uzito huwasaidia wengi. Atakayepewa mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa mpigieni simu wiki ya kwanza, kwa sababu joto letu huwafanya waivue usiku wa manane. Mwulizeni ameivaa kwa muda wa saa ngapi, hewa inavujia wapi, na kama pua inamchubuka.