Kona ya maswali: "Eti sichezi, napiga hesabu tu"

SWALI: Habari za kazi wa kona. Sisi tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo lile la 2014, mimi nina mpiganaji wa upanga wa mikono miwili na nimempangia kila kitu toka levo ya 1, vipaji, sifa, silaha, vyote kwa hesabu. Sasa kuna mwenzetu kila nikiangusha zimwi analalamika, eti mimi siigizi, nakuja na kalkuleta. Yeye mchawi wake kampa akili 8, chini ya wastani wa 10, makusudi, anasema ndo uigizaji wenyewe huo. Na mwendesha mchezo, yule anayesimulia na kuleta maadui, kaanza kuleta mazimwi magumu kwa ajili yangu, wanaokufa ni wengine. Nimfute huyu mhusika nianze upya? – Mpiganaji

JIBU: Usimfute. Mwenzako kachanganya mambo mawili ambayo wala hayagombani, na ubishi huu ni wa zamani mpaka wachezaji wa kingereza wameupa jina, Stormwind Fallacy, yani lile kosa la kudhani mtu akijua kupanga namba basi kuigiza hawezi. Kupanga mhusika unafanya na karatasi kabla hamjakaa mezani, kuigiza unafanya mdomo ukifunguka, sasa kimoja kinamzuiaje mwenzake? Halafu huu mchezo umezaliwa kwenye michezo ya vita ya vinyago, kitabu cha kwanza cha Gary Gygax na Dave Arneson cha 1974 kilijitambulisha hivyo hivyo kwenye jalada, kwa hiyo anayekwambia hesabu ni ugeni ulioingia juzi mwambie arudi nyuma kidogo.

Ila na wewe ngoja nikuulize. Mvuto wa huyo mpiganaji, ile sifa ya kushawishi watu, ni ngapi? Nabashiri 8, maana wapiga upanga karibu wote wanakata hapo ili waongeze kwenye nguvu. Sawa, ni haki yako, sasa mkifika mbele ya mfalme nani anaongea? Kama ni wewe, na unaongea vizuri kama wakili kwa sababu wewe mwenyewe una mdomo, afu mwendesha anakuachia bila kurusha dadu, hapo mwenzako ana hoja kabisa. Umeuza mvuto ukanunua nguvu, na mvuto wenyewe bado unautumia bure! Hiyo 8 icheze. Aropoke, amuite malkia kwa jina la mke wa kwanza, arushe dadu na ile -1 inayokuja na hiyo 8, ikikataa imekataa.

Tukija kwa mchawi wa akili 8. Levo ya 1 akirusha uchawi wa kulenga anajumlisha +1 tu kwenye dadu, adui mwenye ulinzi wa 13, yani jumla ya kufikia ili umguse, anampata akitoa 12 kwenda juu kwenye dadu ya pande 20, yani asilimia 45. Mwenye akili 16 ana +5, hiyo ni asilimia 65. Na kwa siku anaandaa uchawi mmoja wakati mwenzie anaandaa minne. Sasa hao wenzake wanaoingia naye pangoni wakitegemea uchawi wake, waliulizwa? Angetaka mchawi wa kuchekesha angempa akili 16 na busara 8, msomi aliyemaliza vitabu vyote ila anaingizwa mjini na kila muuza ramani, na meza ingecheka zaidi. Ubovu wa namba peke yake sio tabia. Nimeona wahusika dhaifu kweli kweli ambao kikao kizima hawana la kusema zaidi ya "nampiga".

Tatizo lenu halisi ni pengo kati ya nguvu yako na ya wenzio. Kama una kile kipaji cha silaha kubwa, kile cha kujipunguzia 5 kwenye kugonga upate 10 kwenye madhara (kanuni za 2024 zimekibadilisha, na mimi naona walichelewa), basi unawaacha wenzio mbali kwa madhara, na mwendesha akipandisha mazimwi yakufae wewe lazima yawaue wao. Mwambie asiongeze ukubwa, abadilishe aina. Alete kitu kinachoruka, alete mrogaji wa kukushika akili maana kinga yake ni busara na ya wapiganaji mara nyingi ni ya kubahatisha, ukigeuziwa upanga wako kwa marafiki zako hapo ndo utaigiza mpaka jasho likutoke. Na wewe ukifika levo ya kuchukua kipaji kipya chukua cha kusaidia wengine, madhara unayo ya kutosha jamani.

Mkae wote na mwendesha, karatasi za wahusika mezani, kila mtu aseme anataka mchezo wa namna gani. Hiyo mngefanya kabla ya kikao cha kwanza lkn hata sasa inafaa.

SWALI: Sisi ndo kwanza tunaanza, sifa turushe dadu au tugawe pointi? – Wageni

JIBU: Gaweni pointi. Kila mtu ana 27 za kununulia sifa, sifa zinaanzia 8 na haziruhusiwi kuvuka 15 kabla ya nyongeza za asili ya mhusika, au chukueni seti iliyo tayari, 15, 14, 13, 12, 10, 8, mnamaliza fasta. Kurusha dadu 4 za pande 6 ukaondoa iliyo ndogo ni raha ila mmoja anatoka na 18 mbili mwingine cha juu 13, na huyo atanung'unika miezi. Mkishikilia dadu, kila mtu arushe seti yake, mchague moja mtumie wote.