Vifaranga kuwatoa ndani kwenda bandani: usiku mmoja ulinimaliza

Juzi Jumapili nimetoka kanisani nawasha data nakuta meseji ya dada mmoja yuko Makambako, anasema vifaranga wake wametimiza wiki tatu, mume kachoka na harufu, anamwambia hii ni nyumba siyo banda, sasa awatoe tu leo jioni? Na hapo ni Juni jamani, huku kwetu ni baridi. Nilimjibu HAPANA kwa herufi kubwa halafu nikapiga kabisa, maana ukisubiri mtu asome meseji unakuta ameshabeba maboksi.

Huyo dada ni mimi wa miaka miwili iliyopita, ndio maana roho iliniruka.

Mimi niko Njombe. Mwaka ule nilichukua vifaranga chotara 150 kwa hela ya kikoba, nikawaweka stoo jirani kabisa na jiko, balbu inawaka usiku na mchana. Wiki za mwanzo wafugaji wenzangu mnazijua, sina haja ya kuzisimulia. Shida ikaja wiki ya tatu, lile vumbi jeupe lao likawa limekaa mpaka kwenye vyombo kabatini. Wifi yangu akaja kutusalimia, nikamwekea chai, akachukua kikombe akakifuta na ncha ya kanga yake kabla hajanywa. Hakusema neno ila nilimwona. Kesho yake nikawahamisha, siku ya 24. Vifaranga hawakuwa tayari hata kidogo, ni mimi tu nilikuwa na aibu.

Banda lilikuwa jipya, mabanzi na bati juu, maranda mapya yananukia mpaini, drinka mpya za kunyweshea maji, kila kitu kipya, mpaka nikapiga picha nikaweka stetasi. Saa kumi na mbili jioni nikawamwaga humo, wakakimbia kimbia kidogo, nikafunga mlango nikaenda zangu kulala kwa raha zote, nyumba inanukia sabuni.

Asubuhi nafungua, nje ukungu, ndani kimya. Kwenye kona nyuma ya mlango kuna kilima. Wale wa juu wanalia, nikawa nawatoa mmoja mmoja naweka pembeni, nafika chini nakuta wengine wamelowa chapachapa kama wametolewa kwenye ndoo, wamekuwa bapa, na bado ni wa moto. Hicho ndicho kilichonichanganya akili, nimeshika kifaranga amekufa na ana joto kunizidi mimi niliyesimama pale natetemeka. Nilihesabu 41.

Mama mkwe alipopata habari akasema kwani siku hizi kuku wanafugwa na umeme, mtetea wangu mbona analea hapo nje kwenye upepo na hawafi. Nilinyamaza. Nimenyamaza mpaka leo, ndio natolea hapa. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa upande fulani alikuwa sahihi, maana yule mtetea ndio balbu yenyewe na ndio ukuta wenyewe, anawafunika wiki na wiki, na usiku ukiingia wao wanaingia chini ya mbawa, hawaachwi peke yao gizani.

Bwana mifugo wetu alipokuja akaniuliza swali moja tu: hawa waliwahi kuona giza? Nikabaki nimetoa macho. Kumbe vifaranga wangu tangu siku ya kwanza wamelala na taa, siku ile giza limewashukia ghafla, mahali wasipopajua, na baridi juu yake, wakaogopa wakasukumana kwenye kona, kila mmoja anataka kuingia katikati ya mwenzake. Wa chini wanakosa hewa. Kwa hiyo baridi iliwakusanya tu, waliouana ni wao wenyewe. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kicheche na panya, mlango una komeo mbili!

Haikuishia hapo. Baada ya kama wiki wakaanza kuhara damu, maranda yalikuwa yamelowa kuzunguka drinka na wao walikuwa wameshachoka mwili, wakaondoka 19 wengine kabla dawa haijashika vizuri. Hesabu yake ni 60 kati ya 150, na kikoba kinadai.

Haya sasa, utaniuliza, nifanyeje mama? Kwanza acha kuangalia kalenda, mgeuze kifaranga umwangalie. Kifua kimefunga manyoya? Mgongo je, na chini ya mbawa? Kama bado unaona malaika yale ya utotoni basi huyo bado ni wa ndani, hata kama duka la dawa walikwambia wiki nne. Wengi wanakuwa wamevaa kati ya wiki ya tano na ya sita, huku kwetu kwenye baridi mimi nangoja ya sita.

Pili ni hesabu ya joto. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Sasa piga mwenyewe, wiki ya nne bado wako kwenye ishirini na kitu, na Njombe usiku wa Juni na Julai unashuka chini ya 10. Unamtoa mtoto kwenye blanketi unampeleka kwenye friji. Mtu wa Dar anaweza kuwatoa mapema na isiwe tatizo, kwa hiyo ukisoma ushauri uliza kwanza aliyeandika anakaa wapi!!

Tatu GIZA. Hili nitalirudia mpaka mnichoke. Kuanzia wiki ya tatu zima taa usiku dakika kumi ukiwa umesimama hapo hapo, kesho nusu saa, ongeza ongeza mpaka wazoee kulala bila taa wakiwa bado ndani. Mchana jua likitoka fungua dirisha, wakiwa wakubwa kidogo watoe saa sita kwenye jua ndani ya wavu uliofunikwa juu, mwewe hana huruma na mtaji wako.

Siku ya kuhama yenyewe ni asubuhi, siyo jioni, ili giza liwakute wameshapajua maji yalipo. Nabeba na drinka zao za zamani na ndoo mbili za maranda yao makavu nachanganya na mapya. Ndani ya banda nazungusha silingibodi iwe duara, kona zote zinapotea, katikati naweka chungu cha mkaa ulioshika vizuri nimeufunika na jivu. Usizibe banda lote kwa kuogopa baridi, moshi wa mkaa na ile harufu ya mkojo vitawamaliza, ziba viroba upande wa chini unakopita upepo na juu acha wazi. Chanjo siku hiyo usiguse, na chakula cha vifaranga, starta, usikibadilishe kwenda growa ya kuku wanaokua wiki hiyo hiyo, jambo moja moja.

Halafu usiku AMKA. Mimi naenda saa nne, saa nane na alfajiri. Wakiwa wametawanyika wamelala, rudi kitandani. Wakiwa wamejibana wanalia ile sauti kali, ongeza mkaa na uwatawanye kwa mkono. Usiku wa kwanza na wa pili hauna mbadala, na nawaambia ukweli wafugaji tunapenda kununua vitu ila hatupendi kuamka, mtu ana laki tatu ya banda lakini kuvaa koti saa nane usiku hawezi. Unataka kuitwa mfugaji halafu unataka na usingizi?

Batchi yangu ya mwaka huu walikuwa 200, tangu watoke ndani wamekufa wanne, na mmoja kati ya hao alikanyagwa na mwanangu. Wifi alikuja mwezi uliopita, nikampa trei ya mayai ya wale wakubwa akapokea kwa mikono miwili, ahsante wifi.

Yule dada wa Makambako kanirudia jana. Anasema mume kakubali wiki moja. Nimemwambia ni tatu, na leo usiku azime taa dakika kumi, mume naye asimame hapo ndani awashikie tochi.